Baada ya upasuaji wa saratani, uliza namba kabla ya kuuza ng'ombe

Nimekuwa kimya hapa kwa miezi kadhaa, na wale walioniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni hapana. Sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata bado naidaiwa na itakuja. Leo nina jambo jingine, na wanaokuja hapa kwa ajili ya msimbo tu nawaruhusu waruke wiki hii.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akishafanyiwa upasuaji wa saratani, uvimbe umeondolewa, kidonda kimepona, je, aendelee na matibabu mengine au arudi nyumbani? Swali hilo liliingia kwenye ukoo wetu mwaka 2025 na likakaa nasi miezi mitatu. Nimeona linavyoamuliwa huku kwetu Kitui na Makueni, na sikufurahishwa na nilichokiona.

Mimi si daktari, tuelewane hapo mapema. Nilisoma sayansi ya kompyuta na riziki yangu ni kuandika programu. Yote nitakayosema juu ya dawa yamechapishwa na wenye kazi yao. Kitu ninachodai kukijua mimi ni kimoja: jinsi ya kuuliza swali pale ambapo hakuna anayejua jibu kwa uhakika. Kwenye kazi yetu hilo tunalifanya kila siku.

Haya. Mama mdogo wangu ana miaka 61. Amenipa ruhusa niandike mradi nisimtaje jina. Aliolewa Makueni, upande wa Kathonzweni, ilhali ndugu zake wa kuzaliwa, mama yangu akiwemo, wako Kitui. Mwishoni mwa Agosti alikatwa titi katika hospitali moja ambayo nayo sitaitaja. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, na daktari mpasuaji alifanya kazi safi. Lakini alipotoka alipewa karatasi moja imeandikwa kwamba akamwone daktari wa saratani kwa ajili ya kemo na mionzi. Basi. Kemo ya aina gani, mara ngapi, kwa sababu gani, itabadilisha nini, hakukuwa na neno.

Ukoo ukagawanyika mara mbili. Upande wa Makueni walisema kitu kimeshatolewa, tumshukuru Mungu, tumwache mama apumzike. Shemeji yake mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alisema amewaona watu watatu wakienda kwenye kemo wakitembea na wakirudi wamebebwa. Upande wa Kitui walisema ng'ombe wauzwe, na wakiisha liuzwe hata shamba, apelekwe India. Kikundi cha WhatsApp kikafunguliwa, mweka hazina akateuliwa, michango ikaanza kuingia kwa M-Pesa kabla mtu yeyote hajajua tunachangia matibabu gani. Mama mdogo mwenyewe aliuliza swali moja tu: mvua ya Novemba ikinyesha, ndengu zake atazipanda nani? Watu walicheka. Mimi niliona yeye peke yake ndiye aliyeuliza kitu kinachopimika. Kemo ni mizunguko minne hadi sita au zaidi, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Ukianza Oktoba, kupanda, kupalilia na kuvuna kunakupita. Kwa mtu wa Kathonzweni huo ni mwaka mzima wa chakula.

Katika kikao cha pili mtu akaleta mwezi wa Julai mwaka 2019. Mnaukumbuka. Bob Collymore wa Safaricom alifariki tarehe 1, mbunge Ken Okoth tarehe 26, gavana Joyce Laboso tarehe 29, wote kwa saratani, na wote walikuwa wametibiwa ng'ambo. Hoja ikawa: kama hao wenye uwezo walikwenda hadi Ulaya na bado wakafa, sisi tunapoteza pesa kwa nini? Nimeisikia hoja hii mara nyingi mno, tena kutoka kwa watu wenye shahada. Collymore alikuwa na saratani ya damu, ambayo haina uvimbe wa kukatwa. Okoth alikuwa na saratani ya utumbo mpana. Kuchukua vifo vya watu hao na kuvifanya jibu la swali la mama mwenye saratani ya titi iliyokatwa mapema ni kama kusoma logi ya seva ya mtu mwingine ili ujue yako imeharibika wapi. Jina "saratani" ni moja, maradhi ni mengi.

Sasa tuichukue hoja ya shemeji, maana si ya kijinga. Kitu kimeshatolewa, sawa. Lakini mpasuaji hutoa kile kinachoonekana. Inawezekana kabla ya siku ya upasuaji chembe chache zilikwisha kuhama kupitia damu au tezi za kwapani, ndogo kiasi kwamba hakuna picha wala kipimo cha kuziona. Kutoonekana kwenye logi si sawa na kutokuwepo. Matibabu ya baada ya upasuaji yanalenga hizo, ambazo huenda zipo na huenda hazipo.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, madaktari wengine wakiwemo, kwa sababu hawasemi kinachofuata. Chukua wanawake 100 waliofanyiwa upasuaji ule ule, wenye uvimbe wa aina ile ile. Wengi wao wameshapona kwa kisu. Dawa utakayowapa hawa haitawaongezea chochote isipokuwa kutapika. Wengine, dawa wapewe wasipewe, ugonjwa utarudi. Katikati yao kuna kundi la tatu, wale ambao bila dawa wangekufa na kwa dawa wanaishi. Matibabu yote yale ni kwa ajili ya hao wa katikati, na hakuna anayeweza kukuambia wewe uko kundi lipi. Ni kama nakala za akiba. Ukiwa na seva 100 unanakili diski zote 100 kila usiku, ingawa mwaka huu zitakufa mbili tatu tu, kwa sababu hujui ni zipi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni moja: kundi la katikati lina watu wangapi? Kama ni 15 kati ya 100, uza ng'ombe, uza na mbuzi, na ndengu watapanda majirani. Kama ni mmoja kati ya 100, hata ingekuwa bure una haki ya kukataa. Gharama, umbali, nywele kung'oka, msimu wa mvua, vyote hivyo vinawekwa upande mmoja wa mizani, na upande wa pili inakaa namba hiyo. Ukoo wetu ulikaa vikao vitatu kwenye mizani yenye upande mmoja.

Na namba hiyo ipo. Tangu mwaka 2001 kulikuwa na programu ya wavuti iliyoitwa Adjuvant! Online, iliyotengenezwa na daktari wa Marekani, Peter Ravdin, kwa kazi hiyo hasa. Ilikuja kusimamishwa na sasa haipatikani. Nafasi yake imechukuliwa na Predict, iliyotoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2010, na mwaka 2024 wakatoa toleo la tatu lenye data mpya zaidi. Ni bure, inafunguka hata kwenye simu. Unaingiza umri, ukubwa wa uvimbe kwa milimita, gredi yake, idadi ya tezi za kwapani zilizokutwa na saratani, na hali ya vipokezi. Inakuchorea watu 100 na kukuonyesha baada ya miaka 10 wangapi watakuwa hai kwa upasuaji peke yake, na kila tiba inaongeza wangapi. Ni ya saratani ya titi iliyokwisha kufanyiwa upasuaji na haijasambaa mwilini, na wenyewe wanasema itumike pamoja na daktari. Nakubaliana nao.

Nilipotaka kuijaza kwa ajili ya mama mdogo nilikwama kwenye kisanduku cha vipokezi. Vipokezi ni nini? Baadhi ya chembe za saratani ya titi zina milango inayopokea homoni za kike na kuzitumia kukua. Nyingine zina kwa wingi protini iitwayo HER2. Nyingine hazina kimoja kati ya hivyo. Maabara hupima hayo kwenye kipande cha nyama kilichotolewa siku ya upasuaji, na jibu ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Mwenye vipokezi vya homoni hupewa kidonge. Mwenye HER2 ana dawa yake maalumu. Asiye na chochote silaha yake kuu ni kemo.

Ripoti ya mama mdogo haikuwa na jibu hilo. Si kwamba lilipotea. Kipimo hakikufanywa kabisa. Alikuwa ameandikiwa kemo na mtu ambaye hakujua ni saratani ya aina gani! Kwenye kazi yetu ukipeleka programu kwa mteja namna hiyo unafukuzwa.

Habari njema, ambayo wengi hawaijui, ni kwamba kipande kile hakitupwi. Maabara hukifunika kwa nta, hukipa namba, na hukaa kwenye rafu kwa miaka. Kipimo kinaweza kufanywa baadaye. Nilikwenda na binamu yangu, mtoto wake mkubwa, tukiwa na barua ya mgonjwa na nakala ya kitambulisho chake, tukaomba kipande kitolewe kipelekwe maabara ya Nairobi. Kukipata kulichukua siku mbili na maneno mengi. Jibu lilichukua karibu wiki tatu. Likaja: vipokezi vya homoni vipo, tena kwa wingi, na HER2 haipo.

Hapo picha yote iligeuka. Vidonge vya kuzuia homoni si kitu kipya. Tamoxifen inatumika tangu miaka ya 1970. Majaribio yaliyokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kuitumia kwa miaka mitano hupunguza vifo vya saratani ya titi yenye vipokezi hivyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Kidonge kimoja kila siku, nyumbani Kathonzweni, bila dripu, bila kulala Nairobi. Bei ya mwezi mzima tuliyouliza dukani ilikuwa chini ya nauli ya kwenda na kurudi. Kwa waliokwisha kufunga hedhi kuna dawa za kundi jingine, kama anastrozole na letrozole, ambazo hufanya vizuri zaidi kidogo lakini hudhoofisha mifupa. Vyote vina kero zake, joto la ghafla mwilini, viungo kuuma. Lakini katika vikao vyote vitatu, wa Makueni wakisema asipewe kitu na wa Kitui wakisema apewe kila kitu, hakuna aliyejua kwamba kuna kidonge.

Daktari wa saratani tuliyempata Nairobi alikuwa mama mmoja mtaratibu, akatusikiliza. Niseme alichosema juu ya mionzi, maana ndiyo inayowatisha watu wetu zaidi. Kaunti zetu mbili hazina mashine hiyo, kwa hiyo mionzi maana yake ni Nairobi, hospitali ya Kenyatta, au ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, au za binafsi. Kutoka Wote hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 120, na Kitui ni mbali zaidi. Hakuna anayekwenda na kurudi kila siku wiki tano. Unapanga chumba au unamsumbua mpwa wako aliye Kayole.

Kwa mwanamke aliyetolewa uvimbe tu na titi likabaki, mionzi ina uzito. Takwimu za wanawake zaidi ya 10,000, zilizochapishwa pia mwaka 2011, zilionyesha kwamba kati ya 100 ambao hawakupigwa mionzi, 35 ugonjwa uliwarudia ndani ya miaka 10, na kwa waliopigwa ni 19. Hilo si jambo la kukataa kwa sababu ya nauli. Lakini uliza ni siku ngapi. Wiki tano ni mpango wa zamani. Waingereza walishaonyesha kwamba mara 15 katika wiki tatu zinatosha, na mwaka 2020 wakatoa jaribio la FAST-Forward la wanawake zaidi ya 4,000, ambapo mara tano katika wiki moja hazikuwa mbaya zaidi baada ya miaka mitano. Si kila mgonjwa anafaa na si kila mashine inaweza, lakini tofauti kati ya wiki moja na wiki tano ndiyo tofauti kati ya mama wa Mutomo kukubali na kukataa. Uliza.

Mama mdogo alikatwa titi lote, na tezi moja tu ya kwapani ndiyo iliyokutwa na saratani. Kwa watu wa namna yake kulikuwa na ubishi wa miaka mingi. Mwaka 2024 jaribio liitwalo SUPREMO lilitoa matokeo yake ya miaka 10: kupiga mionzi ukuta wa kifua hakukuongeza uhai wao. Daktari alisema yeye hasisitizi mionzi. Dakika tano, na wiki tano za Nairobi zikafutika.

Ikabaki kemo. Nilijaza Predict mbele ya daktari, akasahihisha gredi niliyoisoma vibaya kwa sababu ya mwandiko wa mtu. Nyumbani nilichukua punje 100 za ndengu nikazimwaga kwenye sinia. Kwa upasuaji peke yake, 69 hai baada ya miaka 10. Kidonge kinaongeza watano. Kemo juu ya kidonge inaongeza watatu. Ishirini na watatu hufa, na baadhi yao ni kwa maradhi mengine ya uzeeni. Namba hizi ni zake yeye, tafadhali msizichukue kuwa zenu.

Aliangalia zile punje tatu kwa muda. Akaniuliza, "Mwanangu, hizi tatu waweza kujua ni zipi?" Nikamwambia hapana. "Na daktari?" Naye hawezi.

Kuna kipimo ambacho kingeweza kusaidia, kinachosoma jeni za uvimbe wenyewe. Jaribio la RxPONDER, lililochapishwa mwaka 2021, lilikitumia kwa wanawake zaidi ya 5,000 wenye tezi moja hadi tatu. Kwa waliokwisha kufunga hedhi na wenye alama za chini, kemo haikuongeza kitu. Kwa wale ambao hedhi haijakoma iliongeza. Lakini kipande kinasafirishwa hadi Marekani na bei yake ni maelfu ya dola, kwa hiyo kwetu ni habari ya kusoma tu.

Wakati huo ndipo Mashujaa ikaja Kitui. Tarehe 20 Oktoba 2025, uwanjani Ithookwe, Rais alitangaza kwamba kuanzia Desemba 1 malipo ya SHA kwa saratani yatapanda kutoka shilingi 550,000 hadi 800,000 kwa mwaka. Kikundi cha WhatsApp kililipuka. Wale wale waliokuwa wakisema arudi nyumbani sasa wakasema pesa zipo, apewe kila kitu! Nisieleweke vibaya. Zile 550,000 zilikuwa za kaya nzima, na wapo watu waliozimaliza kabla ya nusu ya matibabu, kwa hiyo nyongeza ni kitu kizuri. Waliokuwa na MakueniCare tangu 2016, shilingi 500 kwa mwaka kwa familia, wanajua maana ya kuwa na kadi inayofanya kazi. Na kama hujalipa mchango wako wa SHA, lipa. Kima cha chini ni 300 kwa mwezi, 3,600 kwa mwaka, na siku ya kuhitaji kemo si siku ya kuanza kuhangaika na usajili. Lakini kuwepo kwa pesa hakubadilishi punje tatu kuwa kumi na tano. Umaskini si sababu ya kukataa tiba inayosaidia, na bima si sababu ya kuchukua isiyosaidia. Makosa hayo mawili ni ndugu.

Mama mdogo alichagua kidonge na akakataa kemo. Daktari alimwuliza mara mbili, akaandika, akampa tarehe ya kliniki. Shemeji alifurahi kwa sababu zisizo sahihi. Mama yangu hakuzungumza na dada yake kwa wiki nzima. Kama mnataka kujua, mimi ningechagua kemo. Watatu kati ya 100 kwangu si wachache. Lakini mimi nina miaka 28, kazi yangu naifanya nimekaa, na aliyeziangalia zile punje akijua mwili ni wake si mimi.

Sasa tahadhari, na naomba ziwafikie hata wanaosoma haraka haraka. Kama vipokezi vyako vyote ni hasi, au una HER2, au una miaka 40, namba yako haifanani na ya mama mdogo, na kemo inaweza kuwa kundi kubwa la katikati. Usitumie makala hii kumwambia dada yako akatae. Na uamuzi una muda wake. Utafiti wa California wa mwaka 2016, wa wanawake karibu 25,000, ulionyesha kwamba walioanza kemo baada ya siku 90 tangu upasuaji walifariki zaidi, hasa wale wa vipokezi hasi. Sisi tulitumia siku zaidi ya 60 kupata tu jibu la maabara na kuonana na daktari. Angekuwa na aina ile nyingine, vikao vyetu vingemuua.

Najua pia mtakachosema kuhusu Predict, maana ningesema mimi. Modeli ya kwanza ilijengwa kwa data ya wanawake kama 5,700 wa Uingereza mashariki, waliogunduliwa kati ya 1999 na 2003. Wetu hugunduliwa wakiwa na umri mdogo zaidi, wengi wakiwa wamechelewa, na vipokezi hasi ni vingi zaidi. Ni kweli. Modeli iliyofunzwa kwingine ichukuliwe kama makadirio, na daktari aisome akijua hivyo. Hata hivyo makadirio yenye kasoro inayojulikana ni bora kuliko kumbukumbu za shemeji kuhusu watu watatu.

Na kuna sheria, jamani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yake ya kukataa na matokeo ya kukataa, kwa lugha anayoielewa. Kwa mama wa Kathonzweni lugha hiyo ni Kikamba. Karatasi yenye maneno "kemo na mionzi" haitimizi hata nusu ya kifungu hicho. Simlaumu muuguzi mwenye wagonjwa 80 kwenye foleni. Nalaumu fomu. Fomu ya kumtoa mgonjwa wa saratani ya titi isiyo na kisanduku cha vipokezi imekosewa na aliyeibuni, na fomu ni kitu rahisi kurekebisha kuliko vyote nilivyovitaja leo.

Tayari najua kuna vijana watakaoniandikia kwamba tutengeneze app, Predict ya Kikamba, tushinde hakathoni. Hapana. Hesabu ipo tayari na ni bure. Kinachokosekana ni cha kuiingizia. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilikadiria wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 Kenya mwaka 2022 na vifo zaidi ya 29,000, na saratani ya titi ndiyo iliyoongoza kwa wagonjwa wapya. Kila mmoja aliyefanyiwa upasuaji ana kipande chenye namba kwenye rafu fulani. Kazi inayotufaa sisi ni ya kuchosha: daftari la sampuli lililo kwenye kompyuta, linalojua kipande kipi kimepimwa vipokezi na kipi hakijapimwa, na linalomtumia mgonjwa ujumbe wa simu jibu likitoka, na jingine siku ya 30 kama halijatoka. Jedwali mbili, labda tatu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Kwa Vonza anaweza kuliandika.

Nimeanza kuchora majedwali hayo lakini sijawahi kuona daftari lenyewe. Kama kuna msomaji anayefanya kazi maabara Kitui, Wote au Machakos, aniandikie anieleze safu zake ni zipi na nani huzijaza. Picha ya ukurasa mtupu, usio na jina la mgonjwa, inatosha.